Lango la Jikoni

Shuleni,
3 Septemba

Mke wangu Fundi,

Salamu kwanza. Mimi mzima, ukiyatoa magoti, na magoti siku hizi siyahesabu tena kuwa yangu. Nimetoka kipindi cha mwisho cha hisabati, nimekaa chumba cha walimu na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, nikaona nikuandikie kabla sijasinzia mezani kama juzi.

Tarehe imepangwa. Jumamosi ya mwisho ya Novemba tunaagwa, mimi na mwalimu wa kemia, yule ambaye wavulana wanamwita Tindikali. Mkuu wa shule, ambaye nilimfundisha aljebra akiwa na kaptula iliyopasuka nyuma, ameunda kamati. Kamati ina kamati ndogo. Kuna ya chakula, ya viti na ya kipaza sauti. Mimi nimeombwa tu nisife kabla ya siku yenyewe.

Nadhani sijawahi kukueleza desturi ya hapa. Mwalimu akistaafu, baada ya hotuba wavulana huingia nyumbani kwake, hutoa vitu vyote, kitanda, masanduku, masufuria, na kuvibeba kwa msururu hadi lango kuu huku wakiimba. Mwenyewe hutembea nyuma yao. Akishavuka, lango hufungwa, na siku hiyo halifunguliwi tena kwa ajili yake. Wote waliotangulia wameagwa hivyo. Nimewahi kuwa miongoni mwa wanaofunga, na nilidhani ni jambo zuri.

Mkuu anataka uje. Wake huwekewa viti vya mbele. Nimemwambia nitakuuliza, na sasa nakuuliza.

Hicho chumba cha nyuma, chenye dirisha la uani, kikoje siku hizi? Nauliza tu. Mengine tutazungumza wakati ukifika.

Nimechoka, mke wangu. Siumwi, nimechoka.

Wako,
Mwalimu


Nyumbani,
14 Septemba

Mwalimu,

Barua yako imenikuta katikati ya msimu wa sare. Shule zimeleta oda kwa mpigo, mashati huku, kaptula kule, nami nimekaa kwenye cherehani mpaka mgongo umesahau kunyooka. Naandika juu ya meza ya kukatia, kwa hiyo ukiona uzi ndani ya bahasha usidhani ni dawa.

Chumba kipo. Kuta zipo, dirisha lipo. Unaulizia kama mpangaji.

Kuja huko, sidhani. Nani atabaki na kazi? Na mimi nikae kiti cha mbele nifanye nini? Shule hiyo sijaikanyaga hata siku moja. Mwanzoni ulisema nyumba ya mwalimu ni ndogo. Baadaye mtoto akaanza shule huku. Baadaye mama yako akaugua, nikamuuguza hadi tukamzika. Baada ya hapo tukazoea. Majirani wananiita mke wa likizo, na mimi nacheka nao, maana nikinuna ndiyo litashika zaidi.

Binti yetu amekuja juzi alipotoka zamu hospitali. Akasema, "Mama, baba anarudi moja kwa moja. Utafurahi, eti?" Nikamwambia nitafurahi. Akanitazama, akasema, "Mbona unajibu kama uko polisi?" Huyu mtoto uuguzi umemfundisha kuchungulia watu.

Niambie siku utakayofika, na utakuja na nini. Miaka yote umekuja na begi moja na suruali mbili. Sasa unataja kitanda. Kitanda cha nini, Mwalimu?

Najua ungeweza kupiga simu. Lakini simu yetu tuliiachia homa na misiba, na sitaki kuizoesha mengine.

Weka magoti kwenye maji ya moto yenye chumvi.

Wako,
Fundi


Shuleni,
27 Septemba

Fundi,

Nimekusikia. Kitanda ni kitanda tu, kinaweza kubaki huku. Kuja kwenye sherehe usijisumbue, nitamwambia Mkuu una kazi, naye anajua kazi ni nini.

Tindikali ameanza kufunga vitu. Nyumba yake imejaa maboksi, anakunywa chai kwenye kopo la maabara kwa sababu vikombe amevifunga mapema mno. Anahamia kwa mwanawe wa kiume. Anasema atapewa chumba chenye televisheni. Alilisema hilo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Usihangaike na chumba. Kama kina kazi, kiache na kazi yake.

Maji ya chumvi yamesaidia kidogo.

Mwalimu


Ofisi ya Mkuu wa Shule,
9 Oktoba

Kwa Mama yetu mpendwa,

YAH: MWALIKO WA HAFLA YA KUWAAGA WALIMU WASTAAFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa niaba ya bodi, walimu na wanafunzi, ninayo heshima kubwa kukualika kwenye hafla tajwa, itakayofanyika Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kuanzia asubuhi. Mwalimu ametuarifu kuwa una majukumu mengi, lakini kamati imenituma nikuombe wewe mwenyewe, kwani hafla bila Mama itakuwa chai bila sukari.

Aidha, natumia fursa hii kukushukuru kwa moyo wako wa pekee. Mwalimu alipotueleza kwamba umeridhia aendelee nasi kwa mkataba wa miaka miwili baada ya kustaafu, kikao kizima kilipiga makofi. Wapo akina mama ambao wasingekubali. Wavulana wetu watakukumbuka.

Kwa mujibu wa desturi, Mwalimu atasindikizwa hadi lango kuu pamoja na vitu vyake. Wageni wakishaondoka, atarejea na vitu hivyo kupitia lango la jikoni, ili desturi isivunjwe na mkataba usiathirike. Kamati ililijadili kwa kina.

Tutafurahi pia ukisema maneno machache kwa niaba ya wenza wa wastaafu.

Mwanao mtiifu,
Mkuu wa Shule


Nyumbani,
18 Oktoba

Mwanangu Mkuu,

Mwaliko nimeupata. Nitakuja. Hayo maneno machache nitayatafuta.

Ruhusa unayonishukuru sikumbuki niliitoa lini, lakini nimekula chumvi nyingi na mtu wa umri wangu husahau.

Nina ombi moja. Usimwambie Mwalimu kwamba nakuja. Hapendi makaribisho marefu.

Nisalimie kamati, na kamati zake ndogo.

Mama yako,
Fundi


Shuleni,
5 Novemba

Fundi,

Oktoba yote imepita bila barua yako. Najua ni sare. Kila nikienda kuangalia sanduku la barua karani ananiambia, "Bado, Mwalimu," kabla sijauliza, mpaka nimeanza kupita upande wa pili wa jengo.

Kuna jambo nataka kukuambia na limenikaa kooni. Nimelianza kwenye karatasi nyingine nikaichana. Pengine nikija likizo ya Desemba nitalisema tukiwa tumekaa vizuri.

Umeona nimeandika likizo. Ni mazoea.

Hapa wamenishonea suti. Koti linanipwaya mabegani. Ungeliona ungecheka, kisha ungelifumua.

Mwalimu


Shuleni,
30 Novemba

Fundi,

Sijui nianze na hasira au na aibu, basi nitaanza na godoro. Naandika nimekaa juu ya godoro nililoazima bwenini, lina harufu ya sabuni ya kufulia na ya wavulana. Nyumba ni tupu. Hata pazia umeondoka nalo.

Nilipokuona Jumamosi umekaa kiti cha mbele na gauni lako la kijani nilidhani macho yananichezea. Ulinipungia mkono kama mtu aliyeonana na jirani sokoni. Mgeni rasmi akasoma hotuba yake, akanisifu kwa kazi yangu kubwa katika somo la biolojia, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Wakatupa saa za ukutani. Tumeishi kwa kengele maisha yetu yote, wanatupa saa. Tindikali akaniinamia akanong'ona, "Sasa tutachelewa wapi?"

Ndipo wakakuita. Ulishika kipaza sauti kama pasi ya moto, ukasema, na nakumbuka kila neno: "Nawashukuru kwa kumtunza. Nilimwazimisha kwenu akiwa na nywele, na naona mmemtumia vizuri. Nilikuja nikidhani namchukua. Nimesikia kumbe nilishawaruhusu mbaki naye. Basi ruhusa yangu naiheshimu." Watu walicheka, Mkuu kuliko wote. Mimi nilijua unasema nini, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na koti lile.

Desturi ikaendelea. Wavulana wakatoa vitu, wakaimba, nami nikatembea nyuma yao. Tulivyopanga na Mkuu, vitu vingewekwa nje ya lango, wageni watawanyike, kisha tuvizungushe hadi jikoni niingie kwa huko, katikati ya kuni na mapipa ya makombo. Kumbe wewe ulikuwa na pikapu nje. Wavulana hawakuuliza. Walipakia kwa furaha, kitanda, masanduku, mpaka ndoo ya kuogea. Lango likafungwa. Nikausogelea mlango wa gari kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Ukaniwekea mkono kifuani, taratibu, ukasema, "Vitu vimestaafu. Wewe ukistaafu, njia unaijua."

Dereva akawasha gari. Nikabaki barabarani na saa ya ukutani. Niliuzunguka ukuta mzima kwa miguu hii unayoijua. Mpishi akanifungulia, akaniuliza kama nimesahau kitu.

Unataka kujua kwa nini nilitia sahihi. Nyumba ile nimeijenga kwa mshahara, wewe umeijenga kwa kukaa ndani yake. Mimi nikija bado naulizia chumvi iko wapi. Nikipita kwenye ukumbi mnanipisha. Huku nikipita, kelele zinakatika, kila mtu anajua ni mimi. Niliogopa, mke wangu. Niliogopa kuja kuwa mgeni ambaye haondoki. Na uliponiuliza kitanda cha nini, nikaona nimeshajibiwa. Nilitaka wewe ndiye useme nisije. Hukusema, basi nikakusemea kwa Mkuu. Ni ujinga, na ni uoga pia.

Tindikali naye leo asubuhi amerudi. Alisema amefuata kikombe chake. Meza yake ameshapewa mwalimu mpya, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la wazazi, kikombe mapajani, mpaka kengele ya mwisho. Walimu wenzangu walimpita kama wana haraka. Mimi pia nilijifanya nasahihisha.

Niandikie, hata matusi.

Mwalimu


Nyumbani,
9 Desemba

Mwalimu,

Vitu vyako vimefika salama. Ukitaka kujua viko wapi, viko sebuleni, kimoja juu ya kingine. Kitanda kimesimama wima nyuma ya mlango, na kila anayepiga hodi anaingia kwa ubavu.

Havikuingia chumba cha nyuma kwa sababu chumba cha nyuma hakina nafasi. Tangu binti yetu alipoajiriwa kimekuwa karakana. Kina cherehani tatu, meza ya kukatia, na mafundi wawili wanaokuja kila siku ya kazi. Hukuwahi kuziona kwa sababu kila likizo, siku moja kabla hujafika, tulizibeba mashine hadi kwa jirani, tukakufagilia vipande vya vitambaa, nikatandika shuka. Ukiondoka tu, kabla basi lako halijafika mjini, tunazirudisha. Jirani anazijua likizo za shule yako kuliko wewe. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unakuja umechoka, nikaona usifike nyumbani ukakuta kiwanda. Na uliponiuliza chumba kikoje nikakutajia kuta na dirisha. Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaofichana.

Nitakuambia jingine, na hili limenichukua siku nzima kuliandika. Barua ya Mkuu ilipofika nikaisoma, nikakaa, na kitu cha kwanza hakikuwa hasira. Nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, basi mashine hazihami. Kisha nikajionea aibu kwamba mwanamke anaweza kushusha pumzi kwa sababu mumewe haji. Aibu ikaleta hasira, hasira ikaita pikapu.

Sikukasirika kwa kuwa unabaki. Nilikasirika umenilisha maneno mbele ya kikao kizima, wakapiga makofi kwa moyo wangu wa kujitolea, moyo ambao sikuulizwa.

Wavulana walipokuwa wanatoa vitu nami niliingia nyumbani kwako. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kwenye kabati kulikuwa na sahani moja na kikombe kimoja. Nikafungua na droo, nikidhani vingine viko huko, havikuwepo. Miaka yote hii nilikuwa nakuonea wivu, Mwalimu. Nilidhani huko ndiko unakoishi, na sisi huku ndio tunaongoja. Nikasimama pale jikoni kwako nikalia kidogo, mvulana mmoja akaniuliza kama kabati ni zito.

Sasa sikiliza. Nimechoka kungoja, na nimechoka kwa namna ambayo hata ukija sijui kama itaisha. Sikuahidi raha. Lakini mashine mbili nimezitoa kabisa, ziko varandani, tumeziba kwa maturubai. Ya tatu haitoki, ndiyo inayofanya kazi nzito na inataka taa ya chumba hicho. Kitanda kitaingia tukikisukuma hadi ukutani. Mashine hiyo inaanza kulia alfajiri. Ukiweza kulala na cherehani, njoo. Usipoweza, mkataba wako unao, na sitapiga kelele.

Lakini safari hii sema wewe, kwa mdomo wako.

Fundi


Shuleni,
16 Desemba

Fundi,

Shule imefungwa. Nakuja Ijumaa, likizo kama kawaida. Zaidi ya hapo sijui, na afadhali nikuambie sijui kuliko nikutungie.

Usihamishe kitu chochote.

Mwalimu


Nyumbani,
14 Januari

Mwanangu Mkuu,

Nimepata barua yako unayouliza kwa nini sikuonekana siku ya kufungua shule, na kama naumwa. Siumwi. Mkataba nauvunja, na nakuomba radhi, kwa sababu uliniamini na kwa sababu kamati yako ilijadili kwa kina lango ambalo sitalitumia tena. Vipindi vyangu mpe yule kijana mwenye miwani. Anapiga kelele sana lakini hisabati anaijua.

Unastahili kuambiwa sababu, maana ulikuwa mwanafunzi wangu kabla hujawa bosi wangu. Pia samahani kwa lile la ruhusa. Mama hakuwahi kuitoa. Niliitunga mimi.

Katika ndoa yangu yote, mimi na mke wangu hatukuwahi kugombana. Nilikuwa najivunia hilo. Hata nyinyi niliwahi kuwahubiria darasani, utakumbuka. Sasa najua ilikuwa ni kukosa nafasi tu. Likizo ni fupi, mtu hapotezi siku kwa kununa. Lililoniudhi nililibeba nikaja nalo huko, la kwake alilimeza akarudi kwenye sare za watu.

Safari hii tumegombana. Ilianza na cherehani iliyo chumbani. Nilimwambia inapiga kelele kwa sababu imekaa vibaya, na sikungoja jibu, nikaisogeza. Akasema hapa si darasani. Nikasema najua, huko wananisikiliza. Basi hapo maji yakazidi unga. Akaleta habari za usiku aliojifungua bila mimi. Nikaleta habari za kufika nyumbani kwangu mwenyewe nikaonyeshwa pa kukaa. Yeye akaleta mama yangu, jinsi alivyomgeuza kitandani miezi yote ile wakati mimi natuma salamu. Hilo ni kweli, kwa hiyo nikapandisha sauti. Mafundi wawili wakatoka nje, eti wanapunga upepo.

Siku ya mimi kurudi huko kwako ilipofika, ugomvi ulikuwa katikati. Nilikuwa nimefunga begi, tiketi mfukoni. Aliamka, akanifungia mkate wa njiani kama anavyonifungia siku zote, akauweka juu ya begi, akarudi kushona. Hakunizuia. Angenizuia ningepata sababu ya kuondoka.

Nikasimama mlangoni nikafikiri. Nikiondoka sasa, nitarudi Aprili, na Aprili tutakuwa na adabu tena. Atanikaribisha, nitamshukuru, na haya tuliyoyatoa hatutayagusa mpaka mmoja wetu azikwe. Nikaona bora niukate ule mkate, nikaula hapo hapo mezani. Basi likaondoka. Yeye alisikia, maana cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Niwie radhi kwa usumbufu. Tindikali akija tena, mpe meza. Yoyote, hata ile mbovu ya stoo. Asikae benchi la wazazi.

Hadi leo hatusemezani. Asubuhi amepita na mzigo wa vitambaa, akauambia ukuta kwamba mtu aliyesogeza mashine airudishe. Nimeirudisha nusu ya njia. Jioni nadhani ataanza tena, na nitakuwepo.

Mwalimu wako,
mstaafu